Nishani za Keya na minada ya London: majibu kwa wasomaji

Babu yetu alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipigana Burma. Ametuachia nyota mbili na nishani moja ya mviringo yenye simba. Mnunuzi wa vitu vya kale anasema ni bandia kwa sababu hazina jina. Ni kweli? (Msomaji, Voi)

Si kweli, wala msimpe kwa bei ya vyuma chakavu. Nishani za Waingereza za Vita vya Pili kwa kawaida zilitolewa bila jina. Zenye jina ni hasa zile za wanajeshi wa India, Afrika Kusini na Australia. Za Vita vya Kwanza ndizo zilizogongwa namba, cheo, jina na kikosi: ukingoni kwa zile za mviringo, na mgongoni kwa nyota ya 1914-15.

Mlichonacho kinaelekea kuwa Nyota ya 1939-45, Nyota ya Burma na Nishani ya Vita ya 1939-45. Geuzeni ile ya mviringo: simba anatakiwa awe amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Utepe wa Burma ni buluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na rangi ya chungwa katikati ya kila upande wa buluu. Nyota halisi ilipigwa kwa mhuri wa chuma, kwa hiyo herufi zina kingo kali. Ya bandia iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na vishimo vidogo kama vya uji uliochemka, alama ya kiungo ukingoni, na mara nyingi ni ndogo kidogo kwa sababu madini hunywea yakipoa.

Zilitolewa kwa mamilioni, kwa hiyo nyota peke yake haina bei kubwa. Thamani ya zenu iko kwenye ushahidi kwamba zilikuwa za babu: cheti cha kuachishwa jeshi, picha, barua, hata bahasha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, na karatasi inayomweka babu kwenye safari ile ina uzito kuliko nyota yenyewe. Msizigawane moja moja kati ya warithi. Seti ikishavunjwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba vipande vilikuwa vya mtu mmoja.

Nataka kununua kwenye mnada wa London, kwa intaneti, Nishani ya Afrika (Africa General Service Medal) yenye bamba la "Kenya", yaani kipande cha chuma kwenye utepe, ya askari wa KAR. Niangalie nini, na nitalipa kiasi gani? (Msomaji, Nairobi)

Hii ni ya fedha, kipenyo milimita 36, na bamba la Kenya ni la huduma ya kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956, yaani dhidi ya Mau Mau. Kwa familia nyingi za Kenya hiyo si historia ya mbali, kwa hiyo ukiinunua, andika vilevile upande wa pili wa habari yake.

Tofauti na za Burma, hii inatakiwa iwe na jina ukingoni, na hapo ndipo udanganyifu hufanyika. Mtu hulisaga jina la askari asiyejulikana, akaweka la mwenye historia ya kuvutia. Kusaga huondoa madini. Mwombe dalali apime kipenyo kwa venia, kifaa cha kupimia vipimo vidogo, sehemu nne au tano kuzunguka nishani. Pakipungua hata sehemu chache za kumi za milimita mahali penye jina, achana nayo. Omba pia picha za ukingo wote, mwanga ukitoka ubavuni. Mikwaruzo ya tupa inayokimbilia upande mmoja, herufi zisizokaa kwenye mstari, au herufi zilizochongwa wakati nyingine za kikosi hicho zimegongwa, zote ni dalili mbaya. Ziombe mapema, kwa sababu siku ya mnada hakuna mwenye nafasi ya kukupigia picha.

Kuhusu fedha, bei ya nyundo, yaani ile dalali anayofungia mnada, siyo utakayolipa. Tuseme nyundo imegonga pauni 180 na ada ya mnunuzi ni asilimia 25: hiyo ni pauni 45. VAT ya asilimia 20 juu ya ada ni pauni 9. Jukwaa la mtandaoni likitoza asilimia 3, ni pauni 5.40, na VAT yake 1.08. Jumla ni pauni 240.48, kabla ya usafirishaji, bima na ushuru wa forodha nyumbani. Viwango hutofautiana kati ya nyumba na nyumba, kwa hiyo soma masharti, piga hesabu kutoka chini kwenda juu, andika kikomo chako, na usikivuke mkono wa mwenzako unapopanda.

Shambani tumefukua maganda ya risasi na kitu kama kombora, huenda ni ya vita vya Tanga vya 1914. Tuuze wapi? (Msomaji, Muheza)

Msiuze, msiguse, msisafishe. Baruti ya zamani inaweza kulipuka bado. Wekeni alama mahali hapo kwa mbali, zuieni watoto, kaiteni polisi. Baada ya hapo, Idara ya Mambo ya Kale ndiyo ya kuambiwa.

Nisafishe nishani kwa limau na majivu, kama sufuria za shaba? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Asidi ya limau inakula shaba, majivu yanakwaruza, na herufi za ukingoni si za kina. Wakusanyaji hulipia ile rangi ya uzee. Nishani iliyong'arishwa hushuka bei.

Futa vumbi kwa kitambaa laini cha pamba. Unga wa kijani utoe kwa kijiti cha meno cha mti, taratibu. Utepe usiufue, rangi zitachujuka. Pwani adui ni unyevu na chumvi: funga kila nishani kwa karatasi isiyo na asidi, weka pakiti ya silika (chembe zinazonyonya unyevu) ndani ya kisanduku, na uibadilishe ikijaa unyevu. Epuka mifuko ya plastiki ya PVC, inayoacha utando wa kijani unaonata, pia raba na sufu, kwa sababu salfa yake huipaka fedha weusi.