Giga tano zikawa moja

Ukiuliza bei kwenye soko la Kenya (nasema komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, si ile nchi) ukajibiwa "tano", bado hujajibiwa. Unauliza tena: falanga ao dola? Hakuna anayeona swali hilo ni la kijinga, kwa sababu fedha mbili zinatembea pamoja katika mfuko mmoja na kila mtu ameshapotezwa na namba tupu angalau mara moja. Hata unga wa bukari, unaopimwa kwa meka (mkebe wa kupimia), mama mwenye akili huchungulia kwanza chini ya mkebe aone kama haukugongwa nyundo kuingia ndani.

Nimekulia katika mji huo, na bado niliandika programu nzima iliyojaa "tano" bila kusema tano ya nini.

Programu yenyewe ilikuwa ya mama mmoja anayeuza waifai kwa tiketi. Ana antena juu ya bati, paneli ya jua, betri mbili, na meza mbele ya nyumba. Ukinunua tiketi unapata namba ya siri, unaingia, unatumia mega zako mpaka ziishe. Nilimwandikia kwa Java. Mwanzoni kulikuwa na tiketi za aina mbili tu, ya mega 500 na ya giga 1, na kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kujisifu. Kisha akaongeza tiketi ya giga 4 na ya giga 5. Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Mutoto yangu, huyu mutu alilipa giga tano, mashini inamupa moja. Anasema niko mwizi."

"Mama, ngoja nikuje kuangalia."

"Na ule mwingine wa giga ine, tangu siku ya posho anakamata tu, haiishe!"

Mmoja kapunjwa, mwingine anakunywa mtungi usio na mwisho. Nilidhani ni ruta imeharibika. Nilipoteza nusu siku kuizima na kuiwasha. Kosa lilikuwa kwenye mstari huu mmoja, nilioandika mimi mwenyewe:

`long kikomo = giga * 1024 * 1024 * 1024;`

Ukiutazama haraka hauna ubaya. Kushoto kuna long, chombo cha biti 64 (biti ni tarakimu moja ya kompyuta, 0 au 1) kinachobeba namba kubwa kuliko data yote tutakayoiona hapa mtaani. Lakini Java haianzii kushoto. Inazidisha kwanza upande wa kulia, na kwa kuwa giga ni int na kila 1024 ni int, hesabu yote inafanyika ndani ya kikopo cha biti 32, ndipo jibu linamiminwa kwenye pipa kubwa. Kilichokwisha kumwagika njiani hakirudi. Int inaishia 2 147 483 647. Giga 5 kwa hesabu ya 1024 ni baiti 5 368 709 120. Toa 4 294 967 296 ambazo biti 32 haziwezi kuzibeba, inabaki 1 073 741 824, yaani giga moja kamili. Ndiyo maana sikushtuka mapema: jibu lilikuwa baya lakini lilivaa suti. Giga 4 zenyewe zinatoka sifuri, na kwenye mfumo wetu kikomo cha sifuri kilimaanisha "hakuna kikomo". Kama mama angeweka tiketi ya giga 2, ingekuwa hasi 2 147 483 648, na mteja angefukuzwa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.

Dawa ya mstari huo ni herufi moja: ukiandika 1024L mwanzoni, hesabu inahamia kwenye biti 64 tangu hatua ya kwanza. Siku hizi natumia Math.multiplyExact, iliyokuja na Java 8, kwa sababu namba ikifurika yenyewe inapiga kelele na kusimamisha kazi. Heri programu inayolia kuliko inayodanganya ikitabasamu. Msidhani ni ugonjwa wa Java peke yake. Kwenye JavaScript andika 5 << 30 uone: utapata giga ile ile moja, kwa sababu alama hiyo inabana kila kitu kwenye biti 32. Kuzidisha kwa kawaida hakuna shida huko mpaka 9 007 199 254 740 991. Kupita hapo namba kamili zinaanza kurukana. Mtu wa Python atacheka kwamba namba zake hazina mwisho. Mwache acheke. Atakutana na safu ya INT kwenye hifadhidata ya MySQL, nayo ni ya biti 32.

Na usifikiri ni makosa ya sisi wadogo tu. Ruta nyingi huripoti matumizi ya mteja kwa itifaki ya RADIUS, na vihesabio vyake vya okteti (ndiyo baiti, biti nane) ni vya biti 32: vikipita 4 294 967 295 vinarudi sifuri kama kilomita za gari kuukuu. Mwaka 2000 ikabidi iongezwe sehemu nyingine, Gigawords, inayohesabu kihesabio kimezunguka mara ngapi. Ukisoma sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili, mteja aliyekwisha tumia giga 4 na kitu ataonekana ameanza sasa hivi. Hilo nalo nililisahau, ila kwa bahati nililikuta mwenyewe kabla ya mama kulikuta.

Sasa tuje kwenye ile 1024 yenyewe, maana hapo ndipo mama alipopoteza fedha kimyakimya.

Wanaotengeneza diski na flashi huhesabu kwa 1000: giga moja ni baiti 1 000 000 000. Kumbukumbu ya ndani ya kompyuta, RAM, imejengwa kwa mafungu ya mbilimbili, kwa hiyo huko 1024 ina asili yake. Windows inahesabu kwa 1024 lakini inaandika Go (giga ya okteti; Mo ni mega) ile ile. Ndiyo sababu flashi ya 64 inaonyesha 59 na kitu, na diski ya tera moja inaonyesha 931, halafu mnunuzi anarudi dukani kugombana na muuzaji ambaye hana kosa. Mac iliacha hesabu hiyo mwaka 2009 ikahamia 1000. Majina ya kuwatenganisha yapo tangu 1998: kibi, mebi, gibi kwa zile za 1024, na kwa ufupisho wa Kifaransa ni Kio, Mio, Gio. Watu wanayaona ya ajabu, hata mimi sipendi yanavyosikika, lakini kwenye msimbo nayatumia bila aibu.

Tofauti inakua kadiri unavyopanda. Kwenye kilo ni asilimia 2,4, kwenye mega karibu 4,9, kwenye giga 7,4, kwenye tera karibu 10. Mama alikuwa ananunua data kwa jumla, na mkataba wake ulihesabu kwa 1000. Mimi nilikuwa nakata tiketi kwa 1024. Kwa kila giga 1 000 alizolipia, tiketi za giga moja zilizoweza kutoka humo ni 931. Zile 69 nyingine aliziuza hewani, akazijazia kwa kununua tena. Kwa miezi! Nilipomweleza hakukasirika sana. Alisema tu kwamba mimi ndiye niliyegonga mkebe, tena kwa kuuelekeza upande wake. Tukakubaliana: kuuza ni kwa 1000, na kwenye tiketi imechapwa "1 Go = 1 000 Mo". Ushauri wangu ni huo: ukiuza, fuata kipimo ulichonunulia, na ukiandike mahali mteja anapokiona.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna bahati moja hapa. Okteti inaandikwa kwa "o", kwa hiyo Mo haichanganyiki na Mb. Kwa Kiingereza MB na Mb zinatofautiana kwa ukubwa wa herufi moja, na thamani inatofautiana mara nane. Mtu akikuambia laini yake ni ya "mega 10", karibu kila mara anasema biti kwa sekunde, yaani okteti milioni 1,25 tu.

Usiamini jina, soma maktaba ya msimbo unayotumia inahesabu vipi. PHP, lugha ya tovuti, ukiiandikia 128M inaelewa 1024 mara 1024. DataSize ya Spring, maktaba ya Java, inaita MB kitu ambacho ni cha 1024 vilevile. Kubernetes, inayoendesha programu kwenye seva, inatofautisha vizuri M na Mi, lakini ukiteleza ukaandika m ndogo, umeomba sehemu moja ya elfu ya baiti: kumbukumbu ya 400m ni baiti 0,4.

Kuna mlango mwingine ambao vitabu vingi vya wenzetu havitautaja, kwa sababu wao wanaandika desimali kwa nukta. Mumeona hapa natumia mkato kwa desimali, ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na ndivyo mama anavyoandika. Siku moja aliingiza tiketi mpya ya "1,5" giga kwenye ukurasa niliomtengenezea kwa JavaScript. parseFloat, inayogeuza maandishi kuwa namba, ilisoma 1, ikafika kwenye mkato, ikaacha hapo. Haikulalamika. Wiki iliyofuata akaandika "1.500" upande wa mega, akimaanisha elfu moja na mia tano, na mashine ikasoma moja na nusu. Mteja alipata mega 1,5: hata picha moja nzuri haifunguki. Tangu hapo sipokei maandishi ya namba nikayatupa kwenye parseFloat. Naruhusu tarakimu tu, kipimo kinachaguliwa kwenye orodha, na kama kuna haja ya desimali naonyesha kabla ya kuhifadhi: "Unataka tiketi ya Mo 1 500?" Abonyeze ndiyo. Ikiwa maandishi yana utata nayakataa, sikisii.

Baada ya haya yote niliketi kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Kwenye hifadhidata kulikuwa na safu iliyoitwa "kikomo". Ndani yake nilikuta 500 kwenye mistari ya zamani na 524288000 kwenye mistari mipya. Zote zilimaanisha mega 500. Mimi wa mwezi wa tatu nilihifadhi mega, mimi wa mwezi wa sita nilihifadhi baiti, na hatukuzungumza. Niliibadilisha jina ikawa kikomo_baiti, aina BIGINT (ya biti 64), na kila kitu ndani ya programu kikawa baiti, namba kamili, bila desimali popote.

Jina zuri halitoshi, kwa sababu mtu aliyechoka saa tano usiku bado anaweza kupitisha 500 panapotakiwa baiti. Kwa hiyo nikatengeneza aina yake, Ukubwa, ambayo huwezi kuiunda kwa namba tupu:

`Ukubwa kikomo = Ukubwa.go(5);`

`Ukubwa kumbukumbu = Ukubwa.gio(2);`

Ndani kuna long moja ya baiti, imefichwa. Ukitaka kuitoa lazima useme unaitoa kwa kipimo gani. Ukubwa unajumlishwa na ukubwa, unazidishwa kwa namba ya kawaida, na ukubwa ukigawanywa kwa ukubwa unatoa uwiano. Ukubwa mara ukubwa haipo. Giga za mraba hazina mnunuzi. Java yenyewe imefanya hivyo kwa vipimo vya muda, kwenye aina yake ya Duration, nami niliiga hapo. Kompaila, inayokagua msimbo kabla haujaendeshwa, sasa ndiyo inayouliza "falanga ao dola?", na ilipouliza mara ya kwanza ilinionyesha sehemu kumi na moja ambazo nilikuwa nachanganya.

Mnieleweni: kwa programu ya mistari mia sitengenezi aina. Naandika baiti mwishoni mwa kila jina, basi.

Kuonyesha ni kazi ya mwisho kabisa, mlangoni pa kutokea, na kile kilichoonyeshwa kisirudi kamwe kuwa hesabu. Baiti 999 999 ukizigawa kwa 1000 na kubakiza desimali moja utamwonyesha mtu "1000,0 ko", kwa sababu ulichagua kipimo kabla ya kukadiria. Kadiria kwanza, kisha uangalie kama imevuka. Na salio la mteja naliteremsha siku zote, silipandishi: akiwa na Go 0,96 asione 1,0, maana atakuja nayo mezani.

Kabla ya kuikabidhi programu yoyote ya aina hii sasa naiingizia mwenyewe vitu hivi, nikiwa nimeketi kando ya meza ya mama: 0, 1, 999 999, 2 147 483 648, 4 294 967 296, "1,5", "1.500", na mwishoni sehemu tupu kabisa, bila kuandika kitu. Hiyo ya mwisho mama ndiye aliyeigundua. Alibonyeza "hifadhi" kabla ya kuandika kikomo, mashine ikasoma sifuri, na mtoto wa jirani akapata waifai ya bure mpaka Jumapili.