Unapojifunza Java, Anza na Ufichaji wa Data na Uache Urithi Usubiri

Vijana wengi wanaoniomba niwaelekeze katika Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huja wakiwa wamekwisha kukariri nguzo nne za lugha za aina hii, zinazopanga programu kwa klasi (violezo vinavyounganisha data na kazi zake), yaani ufichaji wa data (kuilinda isiguswe ovyo kutoka nje), urithi (klasi kuchukua yaliyomo katika klasi nyingine), polimofizimu (wito mmoja kutekelezwa kwa njia tofauti) na udhahanishaji (kuonyesha yanayohitajika tu na kuficha undani), lakini wakipewa kazi hukimbilia urithi. Kwa yale niliyoyaona katika kukagua misimbo ya wenzangu, nawasihi waanze na ufichaji.

Chukua klasi ya Akaunti yenye data iitwayo salio. Ukiitangaza kuwa public, yaani wazi kwa wote, sehemu yoyote ya programu inaweza kuandika humo hata namba hasi, na siku hesabu zitakapokataa kulingana utalazimika kupekua kila faili. Ukiitangaza private, yaani ya kuguswa ndani ya klasi hiyo tu, fedha hazipungui ila kwa kupitia methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) iitwayo toa(), ambayo hupima kwanza kama kiasi kilichoombwa kinazidi sifuri na hakipiti salio lililopo. Hitilafu ikitokea, unajua pa kuanzia. Ila uangalie jambo moja: ukiongeza setSalio(), methodi ya kubadili salio, isiyokagua chochote, umeiacha data wazi vilevile. Hapa ndipo ningependa mwanafunzi akae muda mrefu.

Urithi ni wa zamani, kwani ulikuwamo tayari katika Simula 67, lugha iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na una manufaa yake pale klasi mtoto inapokuwa kweli aina ya klasi mama. Hata hivyo, maktaba ya Java yenyewe inaonyesha hatari yake. Klasi ya Stack, inayopaswa kutoa kwanza kilichoingia mwisho, ilirithi Vector, klasi ya orodha, pamoja na methodi zake zote, na kwa hiyo mtu anaweza kupenyeza kitu katikati kwa insertElementAt() bila kuzuiwa. Ingetosha Stack kuiweka Vector ndani yake kama data ya private. Leo nyaraka rasmi za Java zinashauri tutumie Deque, foleni ya ncha mbili, badala yake.

Polimofizimu nayo haihitaji urithi wa klasi. Klasi ya Java hurithi klasi moja tu, lakini inaweza kutekeleza intafesi nyingi, yaani orodha za methodi ambazo klasi huahidi kuwa nazo. Tangaza intafesi ya Malipo yenye methodi lipa(), kisha uandike klasi ya malipo ya simu na nyingine ya kadi; msimbo unaoita lipa() hautaguswa hata utakapoongeza njia ya tatu.