Jibu: Kwa nini mabibi wa Versailles walijifunza kutembea upya

Ndugu, umeuliza kwa nini bibi wa karne ya 18 alihitaji mwalimu wa dansi kabla ya kutambulishwa kwa malkia wa Ufaransa katika kasri la kifalme la Versailles. Sababu ni mkia wa gauni, yaani kitambaa kirefu kinachoburuzwa nyuma. Kuingia si kazi sana: anakunja goti mara 3 akisogea, anavua glavu ya mkono wa kulia, anainama kulishika pindo la gauni la malkia alibusu. Ugumu uko kwenye kutoka. Hampi malkia mgongo, kwa hiyo anarudi kinyumenyume, anakunja goti mara 3 tena, na kisigino kinausukuma mkia nyuma taratibu, bila yeye kuutazama. Akiukanyaga, anaanguka mbele ya wote. Hata kutembea kwa kawaida, nyayo ziliteleza sakafuni. Ukinyanyua mguu, unakanyaga mkia wa aliye mbele yako.