Fundi Anajibu: Cheni Inayoruka, Pedali Iliyogoma na Mengine

Shikamoo fundi. Baiskeli yangu ya gia, nikikanyaga kwa nguvu cheni inaruka na mguu unachomoka. Nimenunua cheni mpya, ndiyo kwanza hali imezidi. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Chumbageni)

Marahaba. Usimkamate muuza duka bado. Cheni ikichakaa hurefuka, na ikirefuka huyala meno ya friwili, yaani gia za gurudumu la nyuma, mpaka yafuate urefu wake. Sasa umeileta mpya juu ya meno yaliyozoea ile ya zamani, hawapatani. Itazame gia unayoitumia kila siku. Meno yake yamechongoka na kulalia upande mmoja kama mapezi ya papa? Basi friwili imekwisha, nunua nyingine.

Ili yasikukute tena, weka rula ya inchi karibu. Anzia katikati ya pini moja, hesabu pini 24 mbele. Cheni mpya itakupa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha cheni peke yake, bei yake ndogo. Ukingoja izidi kwa 1/8, jiandae kulipia na friwili. Wengi wanaoniletea "gia mbovu" ugonjwa wao ni huu, na wameshazungusha kila skrubu waliyoiona.

Mafuta ya nazi yanafaa kwenye cheni? Nyumbani hayakosekani. (Makorora)

Yaache jikoni. Siku za mwanzo cheni itanyamaza, halafu vumbi litanasa na kugeuka gundi. Na ukisafiri na baiskeli hiyo hadi Lushoto utaona kioja, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Oili chafu ya gari nayo sitaki kuisikia, imejaa chembe za chuma. Kama huna oili ya cheni, hata ya cherehani itakusogeza, ila urudie mara kwa mara. Tone moja kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa yote ya nje kwa kitambaa. Inayofanya kazi ni ile iliyoingia ndani ya pini. Ya nje inakusanya mchanga tu.

Rafiki kanipulizia mafuta kwenye breki za diski zisipige kelele. Sasa zinalia zaidi na hazishiki. (Pongwe)

Rafiki huyo asiguse tena baiskeli yako. Diski isafishe kwa spiriti na kitambaa kisafi, usiishike kwa vidole. Pedi zikishanyonya mafuta, nunua mpya. Wapo wanaozichoma motoni. Mimi breki sizifanyii majaribio. Na usiende nayo barabarani kabla hujazibadilisha.

Pedali ya kushoto haitoki. Nimetundika bomba kwenye spana, wapi! (Raskazone)

Unaikaza, ndugu yangu. Pedali ya kushoto nyuzi zake za skrubu ziko kinyume: kulegeza unazungusha kuelekea mwendo wa saa. Ya kulia ni ya kawaida. Zimetengenezwa hivyo ili zisijifungue zenyewe ukiwa unaendesha. Kwa vile huko mnakaa na chumvi ya bahari mchana na usiku, tia mafuta ya kulegeza kutu, yalale humo mpaka asubuhi, ndipo ujaribu. Kabla ya kuirudisha paka grisi kwenye nyuzi. Usipopaka, mwakani utaniandikia tena.

Naziba pancha leo, kesho iko chini. Solusheni mbovu? (Duga)

Tundu liko upande gani wa tyubu? Likiwa upande wa nje, mwiba bado umo kwenye tairi: pitisha vidole ndani polepole, mzunguko mzima. Likiwa upande wa rimu, kichwa cha spoku kimetokeza. Funika kwa utepe wa rimu au ukanda wa tyubu kuukuu. Solusheni yenyewe mara nyingi haina kosa, haraka yako ndiyo mbovu. Piga msasa, paka, subiri ikauke hadi isishike kidole, ndipo ubandike kiraka.

Nikitoka ufukweni niioshe kwa maji ya bomba? (Msomaji wa kike, Ngamiani)

Ndiyo, siku hiyohiyo, ila usiyaelekeze maji kwenye ekseli na gololi. Kausha, tia oili cheni.