Peni za Durham: uso wa mfalme, alama ya askofu

We uliyeanza juzijuzi kusoma sarafu za fedha za Uingereza ya enzi za kati, najua utakachofanya: utaangalia kichwa cha mfalme alafu basi, ushamaliza. Mi mwenyewe nilikuwa naona EDW R ANGL (kifupi cha Kilatini, Edward mfalme wa Uingereza) naandika "Edward" natia kwenye bahasha, kumbe nimeshika pesa ya askofu.

Iko hivi. Durham iko kaskazini, upande wa kuelekea Scotland, na askofu wa kule alikuwa kama mfalme mdogo, ana mahakama zake, anakusanya jeshi, na ana ruhusa ya kufua peni, yaani hivi visarafu vya fedha. Ila sura lazima iwe ya mfalme, hapo hakuna mjadala. Sasa askofu naye anataka ijulikane hii imetoka kwake, anafanyaje? Anachomeka kaalama kadogo.

Kwa hiyo geuza kwanza. Nyuma kuna msalaba mrefu wenye vidoti vitatu kila pembe, ukisoma CIVITAS DVREME ujue upo Durham. Rudi mbele, pale juu maandishi yanapoanzia. Antony Bek (askofu 1283 hadi 1311) aliweka msalaba ambao ncha zake zimepasuka na kujikunja, Louis de Beaumont (1317 hadi 1333) akaweka simba na vimaua vya yungiyungi. Richard Kellawe ndo alinitoa jasho, maana yeye (1311 hadi 1316) alama yake iko nyuma, mkono mmoja wa msalaba umepinda kichwani, na mi nikaandika kwenye rejista, tena kwa peni ya wino, "imeharibika wakati wa kupigwa". Mzee aliyekuwa ananifundisha akacheka mpaka akavua miwani. Ile ni fimbo ya kiaskofu bwana!

Alafu utakutana na ya Durham yenye msalaba wa kawaida tu, usiseme feki. Bek aligombana na Edward wa Kwanza, mfalme akamnyang'anya jimbo, watu wa mfalme wakawa wanafua wao.

Uzito pima kwa mizani ya sonara, mpya ilikuwa kama gramu 1.4, ukikuta pungufu sana angalia kingo, watu walikuwa wanazikata pembeni kidogokidogo wanakusanya madini ya fedha. Na tafadhali usisugue, hata kama imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Mi nilisugua moja kwa magadi ikang'aa vizuri kweli, ila ile alama ikabaki ya kukisia. Zima taa ya juu, washa tochi umulike kwa ubavu, herufi zinainuka zenyewe.

Ukishazizoea hizo nenda kwa Thomas Wolsey, kadinali wa enzi za mfalme Henry wa Nane, miaka ya 1520, huyo alikuwa na makuu. Maaskofu hawakuruhusiwa kupita sarafu ya peni mbili, yeye akiwa askofu mkuu wa York akafua groti, yaani ya peni nne, na kuweka herufi TW na kofia yake ya ukadinali. Henry wa Nane alipomgeukia 1529, ile kofia kwenye pesa ikawa mojawapo ya mashtaka. Hata kwenye peni zake za Durham kofia ipo, chini ya ngao, ndogo kama punje ya ulezi, bila lenzi utaipita.