Maswali ya Wasomaji: Laibrari ya Chuo, Hela ya Kampuni

SWALI: Mambo vipi mwandishi, niko Njiro hapa Arusha nasoma masters, kwenye tesisi yangu nimeandika programu ya kompyuta za kwantamu (quantum, zile zinazohesabu kwa fizikia ya chembe ndogo sana) inayopanga ruti, gari lianzie wapi lipite wapi. Sasa kuna kampuni ya utalii hapa mjini imesikia, wanataka niwapangie ruti za magari yao ya Serengeti na Ngorongoro na hela watatoa. Shida laibrari niliyotumia, yaani kodi za programu zilizoandikwa tayari na wengine, leseni yake inasema ni ya masomo na utafiti usio wa biashara tu. Ila mi bado mwanafunzi, na laibrari siiuzi, nauza kazi yangu. Si iko poa?
Chalii wa Njiro

JIBU: Haiko poa chalii yangu. Leseni kama hiyo haiangalii we ni nani, inaangalia programu inafanya kazi gani, kwahiyo siku kampuni inapanga magari ya wageni kwa kutumia hiyo kitu tayari ni biashara hata kama wamekulipa soda. Ni sawa na kuazimwa gari upeleke watu msibani, wakati wa kurudi unapakia abiria Kilombero halafu unasema gari si sijaiuza jamani.

Tesisi haina tatizo, itetee na uchapishe matokeo yako. Na masharti hayo sio mageni, LIQUi|> zana ya kwantamu ya Microsoft nayo ilitoka kwa ajili ya utafiti tu, ila Q#, lugha yao ya kuandikia programu za kwantamu, wakaja kuiachia wazi mwaka 2019 kwa leseni ya MIT inayoruhusu biashara.

Unaweza kuwaandikia wenye laibrari wakupe ruhusa ya biashara, kwa maandishi lakini. Au hamia laibrari nyingine za kwantamu kama Qiskit ya IBM, Cirq ya Google au PennyLane ya Xanadu wa Kanada, zote zina leseni ya Apache 2.0, biashara ruksa ilimradi ukiisambaza uache nakala ya leseni na majina ya wenye hakimiliki na uonyeshe faili ulizogusa. Masharti ya kutumia mashine yenyewe ya kwantamu mtandaoni ni mengine kabisa, hayo nayo soma.

Sasa mi nikuulize, hao jamaa kwantamu ya nini? Ukiandika tatizo la ruti kwa njia ya kawaida, vituo 6 tu vinakula kyubiti 36 (kyubiti ndio kipimo kidogo cha data cha kompyuta ya kwantamu), na ukiiga kompyuta hiyo kwenye kompyuta ya kawaida kila kyubiti inayoongezeka inadabo memori, yaani kyubiti 30 kwenye laptop ni kama GB 16, hizo 36 zinafika GB 1,000 na ushee, na hapo hujagusa gari la pili wala muda wa kufunga geti! Chukua OR-Tools ya Google, laibrari ya kawaida isiyo ya kwantamu, nayo ni Apache 2.0, inapanga magari mengi kwenye laptop ya kawaida, na hela yako unaipata vilevile. Ila kabla hujasaini chochote waulize chuo kama na wao wana haki kwenye programu uliyoandikia tesisi, vyuo vingi vina sera yake na wanafunzi huwa hawaisomi.