Juisi ya balungi kuwa chungu: uzoefu wangu

Ndugu uliyeuliza kwa nini juisi yako ya balungi ni chungu hata ukiijaza sukari, na kama wauzaji wa soko la Kongowea wamekuuzia matunda mabovu: matunda hayana neno. Uchungu unautia mwenyewe kwa blenda, kama nilivyoutia mimi.

Nilipoanza kuuza juisi hapa Majengo, balungi nilikuwa naliondoa ganda la juu tu. Ule weupe ulio kama sifongo nikiuacha, nasaga pamoja na utando na kokwa. Mteja wa kwanza alipiga funda moja akarudisha gilasi. Jioni nyanya yangu akachukua kipande, akaambua utando kwa kucha, akanipa vile vijifuko vya maji peke yake. Vitamu! Kisha akanipa utando ule niutafune. Uso wote ulinikunjika.

Miaka baadaye nikasoma kemia chuoni, nikaujua uchungu ule kwa jina: naringini, flavonoidi (kundi la kemikali za mimea) yenye fomula C27H32O14. Ni kiini kiitwacho naringenini kilichobebeshwa sukari mbili, glukosi na ramnosi. Naam, kitu chungu kiasi hicho kina sukari mbili ndani yake. Chungwa nalo lina hesperidini, iliyobeba sukari zizo hizo, lakini ukiionja haina ladha. Kiini chao kinatofautiana kidogo, ila kinachoamua ladha ni pale ramnosi ilipojishika kwenye glukosi: kaboni za glukosi huhesabiwa kwa namba, na kwa naringini ni kaboni ya 2, kwa hesperidini ni kaboni ya 6. Nilichora molekuli hizo mbili daftarini nikazitazama usiku kucha. Madanzi pia ni machungu kwa sababu hiyo, sukari zake zimeshikana kwenye kaboni ya 2.

Mwaka 1963 Horowitz na Gentili, wanakemia wa Marekani, walieleza jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Naringini ukiitia alkali kali, pete yake moja ya atomi hufunguka. Ukiongeza haidrojeni, inakuwa tamu kuliko sukari mara mamia.

Ama yule aliyesema juisi yake ya machungwa asubuhi ni tamu na alasiri chungu, hiyo si naringini. Ni limonini, ambayo si flavonoidi kabisa. Tunda likishakamuliwa, asidi ya juisi huigeuza taratibu kutoka kitu kisicho na uchungu. Kamua na unywe, usiilaze.

Kwa balungi, chagua lililoiva vizuri kwani changa lina naringini nyingi zaidi. Menya weupe wote, ambua utando, toa kokwa, kamua kwa mkono. Chumvi kidogo sana, ncha ya kijiko, hupunguza uchungu kuliko sukari unayomwaga. Maganda ukitaka kuyapika kwa sukari, yachemshe kwanza na maji yale uyamwage, maana naringini huyeyuka vizuri zaidi kwenye maji ya moto. Mimi huyachemsha mara mbili.